Asubuhi Wanjala Alipokula

Ukipita Wandegeya, upande wa pili wa soko, utaona mlango mwembamba uliobanwa kati ya duka la simu na chumba cha fundi viatu. Humo ndimo Wanjala Simiyu anamofungia vitabu. Wanafunzi wa chuo kikuu humletea kazi zao za utafiti, naye huzichapa, huzishona na kuzivisha jalada gumu lenye herufi za dhahabu. Ni Mkenya wa Bungoma, mwenye miaka arobaini na moja, na zaidi ya kumi na mitatu ameimalizia Kampala. Ni mtu wa kifua kipana na sauti ya kusikika barabarani, na mzaha haumwishi. Nimemjua miaka sita bila kumdhania kuwa mwoga. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia.

Woga wake ulianza akiwa na miaka tisa. Mama yake, Nafuna, alikuwa na uvimbe tumboni, akapelekwa hospitali kule kwao kupasuliwa. Aliingia kwa miguu yake mwenyewe. Wanjala akakaa kwenye benchi na mjomba wake mpaka jua likageuka. Kisha akatoka muuguzi, akanong'ona na mjomba, na mjomba akamshika mtoto mkono wakaondoka. Njiani Wanjala aliuliza mama anakuja lini. Mjomba alijibu neno moja tu: "Hakuamka." Hakuna aliyemweleza zaidi, siku ile wala baadaye.

Tangu hapo chumba cha upasuaji kwake kilikuwa mahali ambapo mtu huingia akitembea na asitoke. Aliwahi kung'olewa gego bila ganzi kwa kuikataa sindano. Mashine ya kukatia karatasi ilipomchana kiganja, alizimia kwenye kiti cha zahanati kabla hajaguswa. Yote hayo aliyasimulia kama vichekesho, watu wakacheka, na hata mkewe alidhani mume wake haipendi tu harufu ya hospitali.

Mkewe ni Moreen, Mgisu wa Mbale, muuza matunda katika soko la Nakasero. Wakati huo walikuwa na watoto wawili katika vyumba vyao viwili vya Kamwokya: Nafuna, aliyepewa jina la bibi yake, na mdogo wake, Travis.

Nafuna alikuwa na miaka mitano alipoanza kulalamika kwamba mifupa inamuuma. Walidhani ni kukua. Kisha akaanza kupauka, viganja vikawa vyeupe, homa ikawa inakuja na kuondoka, na dawa za malaria hazikufua dafu. Alipopimwa vizuri wakaambiwa ni saratani ya damu. Miaka miwili na zaidi ilipita katika dawa, kutapika, kunyonyoka nywele na kuota tena. Alimaliza matibabu, akarudi shule, na mwezi wa tano wa furaha yao ugonjwa ukarudi.

Daktari wao alikuwa Odyek, mtu wa kabila la Lango, mrefu mwembamba, aliyekulia kambini kwa kuwa baba yake alikuwa askari, na kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha amri, kifupi, hakina mapambo. Aliwaita wazazi wote wawili ofisini.

"Dawa zimeufukuza tena," alisema. "Lakini nawaambia ukweli, utarudi. Huu wa kurudi mara ya pili hauna huruma. Kabla haujarudi nataka tupandikize uboho."

Moreen aliuliza hiyo maana yake nini.

"Ndani ya mifupa kuna uboho. Ndani ya uboho kuna seli shina, ndizo zinazozaa damu yote. Za Nafuna zimeoza. Tutazichoma zote kwa dawa, zisibaki. Halafu tunampa za mtu mwingine, mzima, kwa mrija, kama anavyopewa damu. Zinajua njia. Zinakwenda zenyewe mpaka ndani ya mifupa na kuanza kazi."

"Na zisipoanza?"

Odyek alimtazama Moreen. "Basi tuna tatizo kubwa," alisema.

Habari ya gharama nitaiacha. Ndugu walichanga, kanisa likachanga, soko la Nakasero likachanga. Kilichobaki kilikuwa kumpata mtu wa kutoa uboho. Travis alipimwa, uboho wake haukufanana na wa dada yake hata kidogo. Mzazi siku zote hufanana na mtoto nusu, na siku hizi nusu inatosha, lakini Moreen alikuwa na mimba ya miezi mitano. Akabaki Wanjala.

"Tutakulaza kifudifudi, tutaingiza sindano nyuma hapa, kwenye mfupa wa nyonga," Odyek alieleza. "Hutasikia. Utapewa dawa ya usingizi, ulale kama dakika tisini."

"Daktari," Wanjala alisema, "kwa nyama hizi mtahitaji mtambo wa kuchimba kisima."

Wote walicheka. Chini ya meza, vidole vyake vilikuwa vimelowa jasho.

Kulikuwa na fomu ya kujaza. Swali moja liliuliza kama katika ukoo wake yupo mtu aliyewahi kupata shida kwa dawa ya usingizi. Aliikodolea macho nafasi ile muda mrefu. Aliona akiandika ndiyo, wataanza kuuliza, na akianza kujibu ataanza kutetemeka, na akitetemeka watajua. Akaandika: Hapana.

Wiki hiyo hiyo muuguzi mmoja, Safinah, alimwita peke yake. Kazi yake ilikuwa kumwangalia anayetoa, si mgonjwa.

"Taata Nafuna, leo siulizi mambo ya mtoto," alisema, akichanganya Kiganda na Kiswahili. "Nauliza wewe, ssebo. Unataka kweli? Kama hutaki, sema hapa. Sisi tutaambia mama yake kwamba vipimo vyako vimekataa. Hakuna mtu atajua."

Wanjala aliniambia kwamba ilikuwa kama mlango umefunguliwa mbele yake na hewa ikaingia. Angeweza kutoka. Alifungua kinywa kusema hapana, akasikia sauti yake ikisema, "Niko tayari, sista."

"Fikiri mpaka Jumatatu. Jumatatu mtoto anaanza dawa za kuchoma uboho. Baada ya hapo ukikataa, mtoto anakufa. Si kwa saratani. Anakufa kwa sababu hana damu tena. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Mtu pekee ambaye Wanjala alimgusia jambo hili alikuwa Barnabé, fundi viatu wa chumba cha jirani, Mkongomani wa Bukavu na shemasi wa kanisa lao. Wanjala alisimama mlangoni pake Jumamosi akijifanya anasubiri mteja.

"Barnabé, wewe umewahi kuogopa mpaka ukashindwa kumeza mate?"

Barnabé aliweka chini sindano yake ya kushonea soli. "Mara mingi, Baba Nafuna. Woga haiko zambi. Lakini usiibebe weye peke. Ambia bibi yako."

"Ana mimba, ana mtoto mgonjwa. Nimwongezee na mimi?"

"Ambia bibi yako," Barnabé alirudia.

Hakumwambia.

Jumatatu Nafuna aliingia katika chumba cha peke yake chenye milango miwili, mmoja wa nje na mmoja wa ndani, na dirisha la kioo kizito. Moreen aliingia naye, kavaa barakoa na glavu, na kwa sababu ya mimba alikatazwa kugusa matapishi wala mkojo wa mtoto, kwa kuwa dawa zile hutoka mwilini zikiwa bado kali. Matunda yake ya Nakasero hayakuruhusiwa kupita mlango ule. Hata embe lililomenywa lilikataliwa.

Wanjala alikuja kila siku na kusimama nje ya kioo, wakizungumza kwa simu ya Moreen.

"Baba, ni wewe utanipa?"

"Ni mimi."

"Utaumia?"

"Kidogo."

Nafuna alifikiri. Midomo yake ilikuwa imekauka, na kofia ya sufu ilikuwa imemfunika mpaka kwenye nyusi. "Halafu mimi nitaanza kuongea kwa kelele kama wewe?"

Wanjala alicheka kwa sauti mpaka wauguzi wakageuka. Kisha akaenda chooni, akashika sinki kwa mikono miwili, akakaa hivyo mpaka mtu mwingine alipogonga.

Kila asubuhi waliandika hesabu ya damu kwenye ubao mdogo kando ya mlango. Seli nyeupe zilishuka Jumanne, zikashuka Jumatano. Jumapili ubao ulisoma sifuri. Safinah alipoiandika tarakimu ile, Wanjala aliitazama kalamu ikizunguka na kukutana na pale ilipoanzia, na hapo ndipo lilipomwingia jambo alilokuwa ameambiwa kwa maneno tu. Mwanawe hakuwa tena na kitu ndani. Kilichomweka hai kilikuwa mifuko ya damu ya watu wengine, na uboho uliomo nyuma ya kiuno cha baba yake. Na kiuno hicho kilitaka kukimbia.

Upasuaji ulipangwa Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi. Walimlaza wodini Jumapili jioni. Mtaalamu wa usingizi, Daktari Nuriat, mwanamke mdogo wa umbo mwenye miwani, alimpitia na kumwonya: baada ya saa sita usiku asile kitu.

"Ukiwa umelala, chakula kikipanda kinaingia kwenye mapafu," alisema. "Watu wamekufa hivyo. Tumeelewana?"

"Daktari, mimi na chakula tumeachana," Wanjala alijibu.

Kulipopambazuka hakuwa amefumba jicho. Ilipokaribia saa kumi na mbili na robo alivaa shati, akamwambia mlinzi anakwenda kununua muda wa maongezi wa simu, akateremka mpaka barabarani. Anaapa kwamba hakuwa na mpango wowote. Alitembea tu. Alifika Wandegeya, ambako kijana wa rolex, ile chapati ya mayai, alikuwa tayari amewasha jiko lake na mafuta yanalia kwenye chuma.

"Mayai mangapi, ssebo?"

"Mawili."

Alitazama yai likipasuliwa, kitunguu na nyanya vikikatiwa ndani, chapati ikiwekwa juu, vikakunjwa pamoja na kuviringishwa kwenye karatasi. Alikula akiwa amesimama. Alikula yote. Mwanamke wa chai wa pembeni akamuuliza kama anataka, akasema ndiyo, ya maziwa, akanywa kikombe kizima. Akapangusa mdomo. Ndipo alipoiona karatasi yenye mafuta mkononi mwake na kujua alichofanya.

"Mikono yangu ilijua kabla yangu," aliniambia. "Kichwa kilikuwa hakijaamua. Mikono ilikwisha amua."

Ilikuwa saa moja kasorobo. Alisimama pale akiyapima yaliyokuwa mbele yake. Anyamaze na kulala mezani na tumbo limejaa, afe kama mama yake. Aseme, na kila mtu ajue baba wa Nafuna ni mtu gani. Na lilikuwapo la tatu, alilosema analiona aibu mpaka leo: mabasi ya Kenya huondoka asubuhi.

Simu ililia. Moreen.

"Uko wapi? Wanakutafuta wodini."

"Nakuja."

Lakini miguu ilimpeleka dukani. Alifungua kufuli, akaingia, akaliteremsha lango la bati kwa ndani, akakaa sakafuni kati ya mashine na marundo ya karatasi, magoti kifuani. Simu ililia tena, mara nne. Aliiweka chini na kuitazama ikitambaa kwa mtetemo.

Barnabé alikuwa amefika mapema. Alilisikia lango, akaja kuligonga kwa vidole.

"Baba Nafuna? Leo si njo siku yenyewe?"

Barnabé aligonga tena.

"Niko nakusikia unapumua."

"Nimekula, Barnabé."

"Umekula nini?"

"Rolex. Na chai."

Barnabé hakucheka. Wanjala aliviona viatu vyake kwenye upenyo wa chini ya bati, vimesimama tu.

"Mutoto iko na damu ya ngapi?" Barnabé aliuliza mwishowe.

"Sifuri."

"Basi fungua. Twende tuseme umekula. Ile ni neno moja tu: nimekula. Umekwisha kuisema kwangu, utaisema na kwao."

Wanjala alifungua. Barnabé alimshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, na hakuuachia mpaka walipofika getini mwa hospitali, watu njiani wakiwatazama kama wanaomtazama mwizi aliyekamatwa.

Safinah alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na faili mkononi.

"Sista, nimekula," Wanjala alisema.

Alitazama saa ya ukutani kabla ya kumtazama yeye. "Saa ngapi?"

"Saa moja kasorobo."

"Nini?"

Alimwambia. Safinah alifumba macho kidogo, kisha akaenda kwenye simu bila kumtukana, na hilo lilimuuma zaidi.

Odyek alikuja karibu anakimbia. Hakupaza sauti. "Unajua mtoto wako yuko wapi sasa hivi?"

"Najua, daktari."

"Hujui. Njoo."

Alimpeleka mpaka kwenye kioo. Nafuna alikuwa amelala chali, pamba nyekundu imechomekwa katika tundu moja la pua, kwa kuwa usiku damu ilikuwa imetoka na haikutaka kuganda. Mfuko wa chembe za kugandisha damu ulining'inia juu yake. Hakugeuka kuwaona.

"Kwa tumbo hilo tunasubiri masaa manane," Odyek alisema. "Hiyo ni saa tisa alasiri. Chumba cha upasuaji kwetu ni kimoja, na saa tisa kina mgonjwa mwingine. Sasa nakwenda kumwomba daktari mwenzangu anipe nafasi yake. Akikataa ni kesho. Kesho naweza kuvumilia. Keshokutwa mimi sijui, Wanjala. Sijui."

Akaenda. Na hapo woga wa Wanjala uligeuka. Chumba alichokikimbia asubuhi sasa alikitaka kuliko kitu chochote, na hakikuwepo. Alikaa kwenye benchi la korido akisikiliza kila mlango unaofunguliwa. Kila nyayo zilipokaribia alisimama, zilipopita akakaa. Barnabé alikaa kando yake, midomo ikitembea katika sala isiyo na sauti.

Moreen alitoka, akavua barakoa. Uso wake ulikuwa na alama za kamba zake.

"Wameniambia umekula."

"Nimekula."

"Ulisahau?"

Swali hilo lilikuwa kama kiti alichovutiwa akalie. Angesema ndiyo, na Moreen angemkaripia tu kama mtu msahaulifu, yangeisha.

"Sikusahau. Niliogopa."

Kisha akamwambia yote: benchi, mjomba, neno lile moja. Alimwambia kuhusu gego. Alimwambia kuhusu fomu. Moreen alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja umeshikilia tumbo.

"Miaka kumi tunalala kitanda kimoja," alisema, "na leo ndiyo naambiwa mama mkwe alikufaje." Akaivaa tena barakoa. "Wanjala, mtoto wa msimu wa njaa. Jina lako limekushika leo." Akaingia, na mlango wa nje ukafungwa, kisha wa ndani.

Ilikuwa saa tano Odyek aliporudi. Nafasi alikuwa ameipata. Wanjala alisema asante.

Daktari Nuriat alikuja na ile fomu. Alikuwa ameambiwa na Moreen. Alivuta kiti, akakaa magoti yao yakikaribia kugusana.

"Hapa umeandika hapana."

"Nilidanganya."

"Alikufa akiwa amelala au baada ya kuamka?"

"Hawakusema. Walisema hakuamka."

"Mwili ulipata joto kali? Ulikakamaa? Kuna ndugu mwingine aliyewahi kupasuliwa?"

Hakujua hata moja. Nuriat aliandika kwa muda, kisha akaiweka kalamu chini.

"Sikiliza. Inaweza kuwa ni ugonjwa wenyewe uliomuua, au mambo ya zamani ya hospitali ndogo. Lakini zipo familia ambazo miili yao haikubaliani na baadhi ya dawa za usingizi, na mtoto hurithi. Ndiyo maana swali hili lipo. Mimi sitakulaza. Nitakuchoma sindano mgongoni, kuanzia kiunoni kwenda chini kufe ganzi. Wewe utabaki macho."

"Nitabaki macho?"

"Kama utaweza."

Wanjala alimtazama. "Ningesema wiki iliyopita...?"

"Ungesema wiki iliyopita, asubuhi hii ungekuwa umeshamaliza," alijibu, bila ukali.

Saa tisa aliingia kwa miguu yake. Hofu haikuwa imepungua. Taa zile, baridi ile, watu wasio na nyuso. Alipokalishwa ukingoni mwa meza na kuambiwa ainame akumbatie mto, meno yalimgongana hadi Nuriat akamwekea mkono begani na kusubiri. Sindano ilipoingia alipiga kelele, si kwa maumivu. Kisha miguu ikawa mizito, ikapotea, wakamgeuza kifudifudi kama gunia.

Alisikia kila kitu. Alisikia chuma kikiguswa na chuma. Alihisi kusukumwa kwenye mifupa, mwili mzima ukisogea mbele na kurudi, kama mtu anayetikiswa aamke. Nuriat alikaa upande wa kichwa chake na kumuuliza habari za kazi yake: nani huandika vibaya zaidi, wanasheria au wahandisi? Alijibu wanasheria, kwa kuwa hawajui kuacha. Alikuwa analia wakati anajibu, machozi yakidondokea kwenye shimo la mto, na aliendelea kujibu.

Mara moja mashine ya mapigo ya moyo ilibadilisha mlio. Aliwasikia wakinyamaza. Akajua ndiyo hivyo, ndivyo ilivyokuwa kwa mama. Nuriat akasema tu, "Presha imeshuka kidogo, naongeza maji," na mlio ukarudi. Waliokuwa mle wanasema ilikuwa sekunde chache. Yeye bado hana hakika kwamba amezimaliza.

Walichota kama lita moja. Ilipofika saa kumi na moja walimtoa, kalazwa chali, marufuku kuinuka. Kwa hiyo hakuuona uboho wake ukiingia kwa mwanawe. Jioni simu ilitetemeka. Moreen alikuwa ametuma picha: mfuko mwekundu mzito, mrija, na mkono mdogo wa Nafuna juu ya shuka. Hakuwa ameandika neno.

Watu hudhani hapo ndipo hadithi inapoishia. Odyek alimwambia hapo ndipo inapoanza. Siku ya tatu na ya nne Nafuna alipewa tena dawa kali, ili seli za baba zisije zikamgeukia mwenyeji wao. Siku ya sita homa ilipanda, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, akimwita mtu ambaye hakuna aliyemjua. Kinywa kilioza kwa vidonda, akawa hamezi hata mate. Wanjala, bado anachechemea, alisimama nje ya kioo kila siku kuanzia asubuhi, akisoma ubao. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Alianza kuamini kwamba uboho wake umeijua tabia ya mwenyewe, umeingia ndani ya mtoto ukajificha.

Moreen alizungumza naye yale ya lazima tu: leta nguo, mpigie mama, Travis amekula?

Siku ya kumi na tisa Safinah aliandika sifuri, nukta, mbili. Wanjala alimwuliza kama amekosea. Alisema hajakosea. Kesho yake ikawa nukta nne, kisha ikarudi nukta tatu, na siku hiyo ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko zote za sifuri. Baadaye ikapanda na haikushuka tena. Wiki ya tano ngozi ya nyayo na viganja ikawa nyekundu na kuchubuka: seli za baba zilikuwa zimeanza kuupiga mwili wa mtoto. "Kidogo ni kizuri," Odyek alisema, "kikizidi kinaua," akaongeza dawa. Hakikuzidi.

Walitoka hospitali wiki ya nane. Mtoto wa tatu alizaliwa mwezi uliofuata, msichana. Siku moja jikoni, akimenya ndizi, Moreen alisema bila kuinua kichwa, "Nilikuchukia siku tisa."

"Na ya kumi?"

"Ya kumi nilichoka."

Sasa ni mwaka mmoja na miezi minne tangu apandikizwe. Nafuna yuko darasa la tatu. Kundi lake la damu limebadilika na kuwa la baba yake, jambo ambalo hulitangaza kwa kila mgeni. Odyek hasemi amepona. Husema, "Tuzungumze ukifika mwaka wa tano." Kila mwezi wanakwenda kupimwa, na kwa siku mbili kabla ya hapo Wanjala haanzi kazi yoyote yenye herufi za dhahabu, kwa kuwa mkono hautulii.

Wiki iliyopita Nafuna alikohoa mara mbili wakati wa uji. Wanjala alikuwa na vitabu kumi na saba vya kukabidhi siku hiyo. Alimbeba mtoto, ambaye alikuwa akilalamika kwamba anakosa mtihani wa hesabu, akampeleka kupimwa, akakaa masaa matatu akisubiri. Alipoambiwa ni mafua tu, alitoka nje, akaegemea ukuta, na ikamchukua muda mrefu kabla hajaweza kutembea mpaka kwenye pikipiki.

"Baba, twende," Nafuna alimwambia. "Bado nitawahi kipindi cha mwisho."